Mwanangu kakata "photography" akapigwa kosa, kamusi nayo inasema lake. Wajuzi wa silabi za Kiingereza njooni

#1 Mama Wawili

Habari zenu wakuu.

Nina binti yupo kidato cha kwanza. Shule ya msingi kasoma kwa Kiswahili, kwa hiyo Kiingereza kwake kilikuwa somo lenye vipindi vyake, sasa ghafla ndicho kinachofundishia hadi jiografia. Jana karudi na daftari lina maneno ya kugawa kwenye silabi. Nayaweka kama alivyoandika, na alama alizopewa:

photo-graph-y: kosa
de-ve-lop-ment: pata
un-happy-ness: kosa
inter-nation-al: kosa
com-for-ta-ble: pata
respons-ibility: kosa

Mwalimu kachora mikasi myekundu tu, jibu sahihi hakuandika hata moja. (Hiyo "happy" kuwa na y badala ya i naijua, hilo tulishagombana mezani.)

Nikafungua kamusi ili nimsaidie. Nakuta pho-tog-ra-phy. Hiyo "tog" imetoka wapi? Neno ni photo, halafu graph. Hata mimi ningekata pale pale alipokata yeye. Nikaenda kwenye "comfortable": kamusi moja inakata com-fort-able, nyingine com-fort-a-ble, na nikibonyeza kile kispika kwenye simu anayesoma anasema kitu kama "KAMF-ta-bo". Sasa ni nne au tatu? Na huyu aliyepewa pata, kapata kwa kamusi ipi?

Binti kalala na uchungu. Naombeni msaada. Wale wa "ungempeleka shule za mchepuo" piteni kimya kimya.

#2 Kasuku Mkimya

Nimeshika kiti cha mbele na karanga zangu. Wakati wataalamu wanavaa viatu, binti anikatie hili hapa:

pneumonoultramicroscopicsilicovolcanoconiosis

#3 Mama Wawili

Kasuku wewe utalala nje leo.

#4 Ticha wa Zamu

Mama Wawili, shikamoo ya mzazi kwanza. Nimefundisha Kiswahili na Kiingereza vyote viwili, na nikiliangalia hilo daftari naona mtoto ana akili kuliko hiyo mikasi. Hakukosea. Kajibu swali ambalo hakuulizwa.

Tuanzie nyumbani. Chukua "watasoma". Nikikwambia gawa silabi utaandika wa-ta-so-ma. Nikikwambia gawa mofimu, yaani vipande vyenye maana, utaandika wa-ta-som-a: wa ni wao, ta ni wakati ujao, som ndiyo mzizi, a ya mwisho. Angalia s, o, m. Kwenye silabi m imeenda kukaa na a. Kwenye mofimu m imebaki na mzizi wake. Neno ni lile lile, mikato miwili tofauti, na yote sahihi. Mtoto wa kidato cha kwanza anayejua hili kwa Kiswahili halimsumbui hata kidogo.

Sasa binti yako kafanya nini? Kaandika photo, kaandika graph, kaacha y. Kakata kwa maana. Photo inatokana na Kigiriki cha mwanga, graph ni kuandika. Kuandika kwa mwanga! Inter, nation, al: hapo pia kakata kwa maana, tena kwa usahihi kabisa. Lakini silabi hazikatwi kwa maana, zinakatwa kwa sikio. Sikio halijui Kigiriki.

Kwa sikio, neno linakuwa na silabi nyingi sawa na idadi ya sauti za irabu zinazosikika. Nimesema zinazosikika, sikusema zilizoandikwa. "Strengths" ina herufi tisa na silabi moja tu. "Area" ina herufi nne na silabi tatu. Ukimpa mtoto hayo mawili akayaelewa, nusu ya safari kaimaliza.

#5 Mama Wawili

Ticha marahaba. Nimempa "strengths" asubuhi hii wakati anafunga viatu. Kaisoma "si-ti-re-ngi-thi-si". Kahesabu sita kwa vidole, na mdogo wake anacheka.

Ila bado hujanijibu. Hata kwa sikio, kwa nini isiwe pho-to-gra-phy? Sisi tungetamka hivyo.

#6 Ticha wa Zamu

Huyo binti ni Mswahili kamili. Ulimi wetu unapenda silabi iishe kwa irabu, ikikutana na rundo la konsonanti unapenyeza irabu katikati. Ndivyo "club" ilivyozaa kilabu, "brush" ikazaa burashi, "shirt" ikawa shati. Hatukukosea, tuliyavalisha nguo za nyumbani.

Kuhusu tog, jibu ni mkazo. Kila neno refu la Kiingereza lina silabi moja inayobeba mzigo: inatamkwa kwa nguvu, kwa urefu, na irabu yake inasikika wazi. Zilizobaki zinanywea. Nitaandika silabi ya mkazo kwa herufi kubwa:

PHO-to-graph
pho-TOG-ra-phy
pho-to-GRAPH-ic

Mzizi mmoja, mkazo sehemu tatu. Kwenye la kwanza "pho" ni kubwa, inasikika "fou". Kwenye la pili imenyauka, inasikika kama "fa" ya mtu aliyechoka. Wataalamu wanaiita sauti hiyo shwa, mimi darasani naiita irabu ya uvivu: mdomo haufunguki vizuri wala haufungi. Ukishaweka mkazo kwenye "to" na irabu yake ikawa fupi, Kiingereza hupenda irabu fupi ya mkazo ifungiwe mlango na konsonanti inayofuata. Ndiyo g ikavutwa ikawa TOG. Mkazo ukihama, g nayo inahama. Kwa hiyo usikate kwanza halafu utafute mkazo. Tafuta mkazo, mikato itakuja yenyewe.

Na kabla hujasema Kiingereza ni lugha ya vituko, sema kwa sauti: SO-ma. So-ME-sha. So-me-SHA-na. Umeona mkazo unavyokimbia? Wetu pia unahama kila ukiongeza mkia, ila wetu una nidhamu, daima unakaa silabi ya pili kutoka mwisho. (Zipo chache zenye ubishi, "barabara" ya magari na "barabara" ya sawasawa, ila tuziache.)

Hapo ndipo shida yetu ilipo, na nimelisubiri hili miaka mtu aniulize. Tunabeba sheria ya pili-kutoka-mwisho tunaipeleka kwenye Kiingereza bila kujua. Mkazo wa "development" upo kwenye de-VEL-op-ment, sisi tunasema deve-LOP-ment. "Comfortable" ni COM, sisi tunasema komfo-TE-bo. "Character" ni CHAR, sisi cha-RAK-ta. "Category" ni CAT, sisi kate-GO-ri. "Calendar" ni CAL, sisi ka-LE-nda kama ilivyo kwenye kalenda ya ukutani. Hesabu kila kosa hapo kutoka mwisho. La pili. La pili. La pili. Tunatii sheria, tatizo ni kwamba sheria yenyewe ni ya nchi nyingine.

#7 Chumvi ya Pemba

Ticha umenifungua kichwa. Nimesema "komfotebo" maisha yangu yote, hadi kwenye usaili.

#8 Mlevi wa Chai 254

Salamu kutoka Nakuru. Huku kwetu mtu akitamka Kiingereza na ladha ya lugha ya mama tunasema ameshrub, lakini hiyo huwa zaidi ni l na r, b na mb. Mkazo hakuna mtu hukucheka nao kwa sababu sote tunasema deve-LOP-ment, kuanzia mwalimu hadi mheshimiwa bungeni. Sasa kama watu milioni kadhaa wanaelewana, kosa liko wapi? Si hiyo ndiyo Kiingereza yetu? Wahindi wana yao, Wanigeria wana yao.

#9 Ticha wa Zamu

Chai, sina ugomvi na hilo. Lafudhi si kosa na sijawahi kumkata mtoto alama kwa lafudhi. Ila mtoto kaulizwa silabi kwenye daftari, na mtihani unatungwa na mtu wa kamusi. Ajue vyote viwili, achague mwenyewe akiwa mkubwa.

#10 Kaka wa Ohio

Naomba niongezee kutoka upande wa pili wa maji. Mwaka wangu wa kwanza huku nilifanya kazi ghala. Kiingereza changu nilikiamini, maana shuleni nilikuwa mzuri. Siku moja namuuliza msimamizi ilipo "inven-TO-ry". Ananiangalia. Narudia. Narudia tena kwa sauti kubwa, kama vile shida ni masikio. Mwisho nikachukua kalamu nikaliandika kwenye boksi. Akasema, "Oh, IN-ventory!" Akacheka, si kwa ubaya.

Sasa nisikilizeni. Herufi zangu zote zilikuwa sahihi. V ilikuwa v, t ilikuwa t. Kilichokosekana ni ule mzigo kuwekwa silabi ya kwanza. Nilikuja kugundua wenzetu hawa hawalisikii neno herufi kwa herufi. Wanasikia pale panapogonga, halafu wanatafuta kichwani maneno yanayogonga hapo. Ukigonga pengine wanatafuta kwenye kabati lisilo lenyewe.

Kwa hiyo Chai, Nakuru mko sawa. Ila siku ukipanda ndege beba mkazo kwenye begi la mkononi.

#11 Mama Wawili

Basi nipeni njia. Mtoto hawezi kukariri mkazo wa kila neno. Kuna kanuni?

#12 Ticha wa Zamu

Zipo, na nzuri zaidi ni kwamba zinatoka mkiani, kama zetu.

Mwambie neno refu ni samaki. Lina kichwa, kiwiliwili na mkia. Un ni kichwa, happi kiwiliwili, ness mkia. Anapokutana na neno asilolijua asianze kulisoma kutoka kushoto kama anayesukuma mkokoteni mlimani. Afunike mkia kwa kidole, afunike kichwa kwa kidole kingine, asome kiwiliwili kilichobaki, halafu afunue kimoja kimoja.

Halafu mikia ipo ya aina mbili. Mikali na mipole.

Mkia mkali unavuta mkazo mpaka kwenye silabi iliyo mlangoni pake, ile inayoutangulia tu. -tion, -ic, -ical, -ity, -logy, -graphy. Kwa hiyo e-CON-o-my, lakini ec-o-NOM-ic. re-SPON-si-ble, lakini re-spon-si-BIL-i-ty. Na hapa kuna zawadi ambayo watu wengi hawajaiona: -tion na -ic ni silabi moja moja. Mkazo ukikaa mlangoni pake unaangukia wapi? Pili kutoka mwisho! Edu-CA-tion, infor-MA-tion, eco-NOM-ic. Ndiyo maana hayo hayatusumbui, tumeyapata bure kutoka kwa Kiswahili. Yanayotusumbua ni ya -ity na -graphy, kwa sababu mikia hiyo ina silabi mbili, mkazo unarudi hadi ya tatu kutoka mwisho, na ulimi wetu haujazoea kurudi mbali hivyo.

Mkia mpole haugusi kitu. -ment, -ness, -ful, -ly, -ing, -er. de-VEL-op inabaki de-VEL-op hata ukiibandika ment. HAP-py inabaki HAP-pi-ness. Ukikutana na mkia mpole, utoe, tafuta mkazo wa neno lililobaki, urudishe.

Wapo wachache wabinafsi, mkazo wanaukalia wenyewe: -ee na -eer. Engi-NEER, volun-TEER, refu-GEE, employ-EE.

Kwa mtoto, mchukulie ule mpira wa kufungia noti. Ashike kwa vidole gumba viwili, atamke neno huku akiuvuta pale penye mkazo na kuulegeza kwingine. Kupiga makofi ni kuzuri kwa kuhesabu silabi, ila makofi yote yana nguvu sawa, mtoto anajifunza kutamka kama ngoma ya gwaride. Mpira unamfundisha kwamba silabi haziko sawa.

#13 Kasuku Mkimya

Ticha, "politics" ina -ic. Mbona watu wanasema POL-itics?

#14 Kaka wa Ohio

Na "television" wanasema TEL-evision, wakati -sion ni ndugu wa -tion. Na "admire" mkazo mwisho, "admirable" mkazo mwanzo, wakati -able nilifundishwa ni mpole.

#15 Ticha wa Zamu

Mmenibana nyote wawili. POL-i-tics ni mkorofi, na anaye ndugu: a-RITH-me-tic ya hesabu, CATH-o-lic, LU-na-tic. Ila angalia, po-LIT-i-cal anarudi kwenye foleni kama kawaida. Television ni mkorofi mwingine. Na -able ndiyo maana sikuiweka kwenye orodha ya wapole, nilijua kuna mtu atanivizia: COM-fort-able ni mpole, AD-mi-ra-ble si mpole. Kanuni hizi zinakubeba mbali, hazikufikishi mlangoni. Hapo unashuka unatembea na kamusi.

Na Mama Wawili, lile swali lako la tatu au nne. Maandishi yana irabu za kutosha silabi nne. Mdomo unaopumzika baada ya COM unaimeza irabu ya "for", f inabaki, na silabi zinakuwa tatu. "Vegetable" hivyo hivyo, VEJ-ta-bo. "Wednesday" imezikwa d nzima na hakuna aliyelia. Zote mbili zinakubalika, nne ukiwa unatamka taratibu. Mwalimu kampa pata kwa wema.

#16 Nesi wa Usiku

Nimeisoma hii zamu yote, kwa bahati wodi imetulia. Naomba niseme kwa nini mkato wa binti, ule wa maana, usidharauliwe. Sisi ndio unaotulisha.

Nilipoingia chuo cha uuguzi nilipewa maneno kama "gastroenteritis" nikataka kurudi nyumbani. Kuna dada mmoja wa mwaka wa mbele akanichukulia kisu cha jikoni, kimzaha, akakata hewani: gastr ni tumbo, enter ni utumbo, itis ni uvimbe wa kuungua. Basi. Kila chenye -itis mkiani kimevimba na kuungua, haijalishi kiungo. Chenye -ectomy kimekatwa kikatolewa. Chenye -ostomy kimefunguliwa tundu. Hepat ni ini, nephr ni figo, -emia ni damu. Ukiwa na mizizi hamsini kichwani unasoma maelfu ya maneno ambayo hujawahi kuyaona.

Lakini mkono mmoja unakata kwa maana, mdomo unatamka kwa silabi, na hapo wanaweza kugombana. Gastr-o-enter-itis kwa maana, gas-tro-en-ter-I-tis kwa mdomo. Mkazo kwenye I. Mkia mkali, Ticha?

Na kuna pacha wawili ambao ukiwachanganya unaua mtu: hyper na hypo. Hyperglycemia sukari ipo juu, hypoglycemia sukari imeshuka. Kwa mdomo wetu ukisema haraka zinafanana. Mimi nilishikia hapa: hypo inatamkwa "haipo". Sukari HAIPO. Tangu siku hiyo sijawahi kukosea, na wanafunzi wote wa zamu yangu nawapa hiyo.

#17 Mlevi wa Chai 254

Haipo! Nesi, hiyo imeenda moja kwa moja kwa dada yangu, yuko KMTC, chuo cha mafunzo ya tiba huku Kenya, mwaka wa pili.

#18 Ticha wa Zamu

Nesi nimekuvulia kofia. Ila -itis si mkali, ni mbinafsi kama -ee, mkazo anaushika kwenye i yake ya kwanza.

#19 Mzee wa Kistari

Vijana hamjambo. Nimepanga kurasa za magazeti na vitabu tangu enzi za kubandika kwa gundi, na naona mmesahau kuna mkato wa tatu. Sikio lina mkato wake, maana ina wake, na karatasi ina wake. Mstari umeisha, neno halijaisha, unaweka kistari wapi?

Zile nukta kwenye kamusi zilizomchanganya mama hapo juu, kamusi nyingi za Kimarekani zinaziweka kwa ajili yetu sisi wa kistari, si kwa ajili ya kuhesabu silabi. Ndiyo maana moja inaishia com-fort-able: haioni faida ya kumwacha "a" mmoja peke yake ukingoni. Mtu anadhani anasoma silabi kumbe anasoma ushauri wa mpanga kurasa.

Na hata kwenye karatasi Waingereza na Wamarekani hawakubaliani. Mmarekani kwa mazoea anakata kwa sikio: knowl-edge, democ-racy, photog-raphy. Mwingereza kwa mila ya zamani anaangalia asili: know-ledge, demo-cracy, photo-graphy. Umeona? Binti wa kidato cha kwanza amekata kama mpanga chapa wa London. Mwambie asifute.

Kompyuta ilipokuja tukadhani shida imekwisha. Kuna kijana, Frank Liang, alikuwa mwanafunzi wa Donald Knuth, gwiji wa kompyuta, pale Chuo Kikuu cha Stanford. Tasnifu yake ya 1983 yote ni kuhusu kumfundisha kompyuta kuweka kistari, na jina lenyewe la tasnifu kaliandika na vistari katikati ya maneno. Hakuweka kamusi nzima ndani, kompyuta za wakati ule zingepasuka. Alitengeneza vipande vya herufi kama 4,500 vinavyosema hapa kata, hapa usikate. Vilipata asilimia 89 ya vistari vya kamusi ndogo, na karibu havikukosea kabisa. Ikabaki orodha fupi ya maneno 14 ya kuandikwa kwa mkono.

Ndani ya hayo 14 kuna "present" na "project". Fikirini kwa nini. Zawadi ni PRES-ent, kuwasilisha ni pre-SENT. Mradi ni PROJ-ect, kurusha mbele ni pro-JECT. Mkazo ukihama konsonanti inahama, Ticha kasema. Mashine haijui kama sentensi inaongelea zawadi au kuwasilisha. Kwa hiyo wakaamua: maneno hayo yasikatwe kamwe. Tarishi wa bandarini anayejaza "import" na "permit" kila siku anaishi na watu hao hao: PER-mit ya kushika mkononi, per-MIT ya kuruhusu.

Halafu baadhi ya programu zetu za ofisini zikaletwa na sheria za Kiingereza zikaachiwa Kiswahili. Nimeshaona "wan-anchi" kwenye ukurasa wa kwanza. Nilizima kompyuta nikaenda kunywa kahawa.

#20 Chumvi ya Pemba

"Wan-anchi" 😂😂 Mzee nimecheka mpaka mume wangu kauliza.

#21 Mdau wa Kodi

Kwa hiyo wanaoandika i18n kwenye kazi za programu ndiyo wamekata tamaa ya kukata?

#22 Kaka wa Ohio

Ndiyo hao. Internationalization: i mwanzo, n mwisho, herufi 18 katikati, mtu akaona bora aandike namba. Ila ukiipeleka kwenye ubao wa samaki wa Ticha haina ugumu: inter, nation, al, iz, ation. Maana tano. Silabi nane: in-ter-na-tion-al-i-ZA-tion. Na sikiliza njiani: "nation" peke yake ni NEI, ikivaa al inakuwa NA. Maandishi hayajabadilika hata herufi, mdomo ndio umebadilika. Hilo binti alijue, litamsumbua kwenye sane na sanity pia.

#23 Kasuku Mkimya

Wote mnajibu maswali ya wengine. Langu la #2 je?

#24 Nesi wa Usiku

Lete hapa. Pneumono, mapafu. Ultra, kupita kiasi. Microscopic, isiyoonekana kwa macho. Silico, silika. Volcano unaijua. Coni, vumbi. Osis, ugonjwa. Yaani ugonjwa wa mapafu wa kuvuta vumbi laini mno la silika la volkano. Herufi 45, silabi 19, na hakuna daktari anayeliandika kwenye faili. Lilitungwa 1935 na Everett Smith, mwenyekiti wa chama cha wapenda mafumbo Marekani, makusudi liwe refu. Wagonjwa wa kweli, wachimba madini wengi wao, tunawaandikia silicosis. Silabi nne.

#25 Mama Wawili

Wakuu nimerudi na mrejesho.

Jana usiku tulikaa mezani na mpira wa noti. Mwanzo alikuwa anauvuta kila silabi, mpira ukamrukia mdogo wake. Baadaye akatulia. Pho-TOG-ra-phy mara tatu, ya nne akasimama akasema, "Mama, g imehama." Sikumwambia mimi. Kaisikia mwenyewe. Tukaenda "responsibility", akafunika ity kwa kidole, akabaki na "responsibil" akaliangalia, akavuta mpira kwenye BIL. Unhappiness kakata un-hap-pi-ness na kaweka i bila ugomvi.

Leo kamfuata mwalimu kabla ya kipindi. Kamuuliza, "Sir, tukate kwa sikio au kwa maana?" Anasema mwalimu alinyamaza kidogo, akachukua daftari, akaangalia photo-graph-y, akasema kwa sikio. Lakini kipindi kilipoanza akaandika ubaoni safu mbili, sikio na maana, darasa zima wakajaza zote. Alama hakurudishiwa. Hajalalamika.

Shida ni moja. Jioni fundi kaleta makochi, nikakaa nikasema "haya ndiyo komfotebo". Mtoto kaniangalia kama mkaguzi. Kachukua mpira.

#26 Ticha wa Zamu

Vuta kwenye COM, mama.

#27 Kasuku Mkimya

Mimi nimefika "ultra", nimepumzika hapo, nitaendelea kesho.